Kilicholowa Kiwe Juu: Kwa Nini Soko la Simuni Lina Kanuni Nyingi kwa Muuzaji

Juzi usiku nilifuta tangazo la friji. Asubuhi yake, nikielekea soko la Mkunguni, mama wa muuzaji alinisimamisha kichochoroni, mtaa wa Langoni. "Mwanangu, hiyo friji ya kijana wangu imekukosea nini?" Nilimwamkia, nikamshika mkono, nikamweleza kwamba friji haina kosa lolote, ila tangazo lake halikutimia. Hakuridhika, na simlaumu. Kwa macho yake, mwanawe ana kitu cha halali, wapo wanaokihitaji, na katikati yao amesimama mtu mmoja mwenye kidole cha kufuta.

Mimi na wenzangu watatu tunasimamia kundi la WhatsApp la kuuza na kununua hapa Lamu. Swali la mama yule hutufikia kila wiki, mara kwa upole, mara kwa matusi. Kwa nini lazima bei iandikwe? Kwa nini picha ya intaneti hairuhusiwi? Kwa nini mlango wa babu yangu nisiuuze nitakavyo? Pale kichochoroni sikuwa na nafasi ya kujibu sawasawa. Hapa ninayo.

Tuanze na soko lile la kwenda kwa miguu. Pale Mkunguni, ubavuni mwa Ngome, mnunuzi huliminya embe, huitikisa nazi sikioni, hufunua shavu la samaki atazame kama bado jekundu. Muuzaji anamjua kwa uso, na kama hamjui yeye basi anamjua babake au mtaa wake. Bei ikitajwa, mwenye meza ya pili anaisikia. Na jambo likienda mrama, kesho asubuhi muuzaji atakutwa palepale alipokuwa jana. Ulinzi wote huu mnunuzi haulipii hata senti moja, na kwa kuwa haulipii, hauoni.

Simu inauondoa wote kwa mpigo. Mkono haufiki kwenye kitu. Uso wa muuzaji ni picha ya waridi au ya mchezaji mpira. Bei inanong'onwa pembeni. Na muuzaji akitaka kupotea, anatoka kundini kabla hujamaliza kuandika "salaam alaikum". Kanuni zetu, hata zile zinazochosha, zimewekwa kuziba matundu hayo. Ukitaka kuipima kanuni yoyote ya soko la simuni, uliza inakurudishia kitu gani ambacho Mkunguni ulikuwa ukipewa bure. Ikiwa hairudishi chochote, wadai wasimamizi waiondoe. Sisi tumeshaondoa kadhaa kwa kipimo hicho, ikiwemo iliyokataza kutangaza baada ya isha. Haikumlinda mnunuzi yeyote.

Picha na kasoro

Kanuni inayofuta matangazo mengi kuliko zote ni ya picha: piga mwenyewe, kitu chenyewe, kama kilivyo sasa, na kasoro yake ionekane. Friji ya yule kijana ilikuja na picha ya dukani, inang'aa, ndani imepangwa matunda ambayo hapa kwetu hayaingii. Aliyokuwa akiiuza ilikuwa na miaka yake jikoni.

Wapo wanaodhani haya ni masharti ya kigeni yaliyoletwa na mtandao. Ni ya zamani kuliko kuta za mji huu. Kila aliyekaa chuo cha Kurani akasoma anakijua kisa: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni Madina, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikapata umajimaji. Akamuuliza mwenye lundo, ni nini hiki? Akajibiwa, kimenyeshewa. Akamwambia, kwa nini usikiweke juu watu wakakiona? Kisha likaja neno lile zito, kwamba mwenye kughushi si katika sisi.

Watu hulikumbuka lile neno la mwisho, na swali lililotangulia wakalipita. Muuzaji yule hakuambiwa asiuze chakula kilicholowa. Aliambiwa akiweke juu. Kitu chenye ila kina bei yake na kina mtu wake; friji iliyobonyea ubavuni inagandisha barafu sawasawa na isiyobonyea, na yupo anayeitaka kwa kuwa ni ya bei nafuu. Ndiyo maana kundini hatumkatazi mtu kuuza kilichochakaa, tunachomtaka ni kukianika. Sisi wanne tumezoea kuiita "kilicholowa kiwe juu", na tukimwandikia muuzaji maneno hayo matatu, anajua picha ipi haijaletwa. Wanazuoni nao walijenga juu ya msingi huohuo khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwemo tangu kabla ya kuuziana, naye hakuijua, ana haki ya kukirudisha kitu.

Sheria za nchi zinaelekea hukohuko, ila kwa njia yenye mikunjo ambayo muuzaji anapaswa kuifahamu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji bidhaa haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike na anachokinunua. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inahesabu kuwa mwenendo usio wa haki kuitangaza bidhaa kuwa mpya au haijatumika ilhali sivyo. Lakini sheria hiyo ya 2012 inamlenga mtu anayefanya biashara, mwenye duka au anayeuza kila siku. Kijana mwenye friji moja ya nyumbani yuko zaidi chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 31, ambayo ilifuata ile ya Uingereza ya 1893. Na sheria hiyo kongwe, katika asili yake, humwachia mnunuzi ajiangalie mwenyewe. Inachokazia ni hiki: kitu kikiuzwa kwa maelezo, lazima kilingane na maelezo.

Hapo ndipo tangazo linapokuwa na uzito kuliko watu wanavyofikiri. Mkunguni mnunuzi ananunua alichokishika. Simuni ananunua maelezo, kwa kuwa hakuna kingine alicho nacho. Maneno mawili ya tangazo, "haina shida", ndiyo mkataba wenyewe au sehemu yake kubwa. Muuzaji akiandika "friji nzuri, njoo uone", hajajifunga kwa lolote. Akiandika "inagandisha, mpira wa mlango umelegea, nimeitumia miaka minne", amejifunga, na pia amejikinga, maana mnunuzi hawezi kurudi kesho akalalamikia mpira wa mlango. Hili la pili wauzaji wengi hawalioni. Kuitaja kasoro kunamkinga muuzaji kuliko mtu yeyote.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa kofia. Kofia ya mkono, ile ambayo mama au dada zetu huitoboa na kuizungushia uzi kitundu kwa kitundu, huchukua miezi, na bei yake ni ya maelfu. Kofia ya mashine hutoka kiwandani nje ya nchi kwa robo ya bei hiyo au chini zaidi. Zote mbili ni halali kuuzwa, na hakuna ubaya kumvalisha mtoto ya mashine siku ya Idi. Lakini kwenye picha ya simu, iliyopigwa kwa mbali juu ya kitambaa cheupe, aliyezaliwa hapahapa anaweza kudanganyika. Ukiishika tu, kidole kinakwambia. Basi tulilazimika kuweka kanuni ya kofia peke yake: aandike "mkono" au "mashine", apige picha ya karibu ya vitundu, na picha nyingine ya upande wa ndani. Muuzaji mmoja alituambia tunamdhalilisha. Nilimjibu kwamba kila kofia ya mashine inayouzwa kwa jina la mkono inamla mwanamke mmoja aliyeinama miezi mitatu, kwa sababu mnunuzi aliyetapeliwa mara moja hatotoa tena bei ya haki hata akiletewa ya kweli. Nilikuwa na hasira kidogo, lakini neno langu sijalibadilisha.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni ni kweli. Simuni kizuri na kibaya vimevaa picha ileile, na kizuri hakiwezi kujiuza mpaka kisaidiwe kutofautishwa.

Bei, na "njoo inboksi"

Huu ndio ugomvi wetu wa kila siku. Mtu anaweka picha ya simu, chini yake watu ishirini wanauliza "bei?", na wote wanajibiwa "njoo inboksi". Sisi tunafuta.

Wauzaji wana hoja zao, na baadhi zina nguvu. Kwanza, bei hapa Pwani ni mazungumzo, ukiiandika umeyaua. Pili, mshindani akiiona ataishusha ya kwake shilingi mia. Tatu, na hili husemwa kwa sauti ya chini, wapo jamaa ambao utawauzia kwa bei ya udugu na hutaki wengine wajue. Ya tatu naielewa kabisa. Lakini kufichwa kwa bei kunazalisha jambo moja lisilo na udugu ndani yake: muuzaji anamtazama anayeuliza, anatazama jina, anatazama namba, anasikiliza lafudhi kwenye ujumbe wa sauti, kisha anapanga. Mwenyeji wa mtaa wa Mkomani anatajiwa moja, mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka bara anatajiwa nyingine, na mgeni aliyefikia Shela, kijiji cha watalii, anatajiwa ya tatu. Sokoni, sikio la jirani lilizuia hilo kwa kiasi fulani. Bei iliyoandikwa ndiyo sikio la jirani.

Tulichokubaliana ni kwamba bei iandikwe, na anayekubali kupunguza aandike "inazungumzika". Mazungumzo yabaki yalivyo, ila yaanzie mahali pamoja kwa wote. Anayempunguzia ndugu yake, ampunguzie kwa siri. Hakuna anayedai hesabu ya ukarimu.

Hoja ya mshindani tuliitatua kwa kanuni nyingine. Hairuhusiwi kuingia chini ya tangazo la mwenzako ukaandika "mimi ninayo kwa elfu mbili". Hili nalo si jipya: katika dini imekatazwa mtu kuuza juu ya mauzo ya nduguye. Tangaza yako, mahali pako, kwa bei yako, hata iwe nusu ya yake. Ushindani haukatazwi hata kidogo. Kinachokatazwa ni kusimama mlangoni kwa mwenzako ukiwavuta wateja wake nguo.

Madalali ni habari ya pembeni kidogo. Dalali si mtu mbaya. Mji huu umeuziana kwa madalali tangu zamani. Taabu huja anapotangaza kitu kana kwamba ni chake, akaongeza cha juu, kisha mwenye mali naye akaja kukitangaza kitu hichohicho kwa bei yake. Mnunuzi akiona friji moja kwa bei mbili, anaacha kuamini zote. Kwa hiyo dalali aandike "dalali", basi.

Na mnada. Mara mojamoja mtu huomba kupiga mnada wa kitu, labda kiti au redio ya zamani, watu waongeze bei kwa ujumbe. Tunaruhusu kwa sharti moja, kwamba muuzaji asiwe na watu wake wa kupandisha bei bila nia ya kununua. Fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, inaiita hila hiyo najishi na imeiharamisha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inakataza muuzaji kujipigia bei kwenye mnada wake, au kumweka mtu ampigie, pasipo kutangaza kwamba amejiwekea haki hiyo. Kwenye chumba cha mnada utawaona wanaotupiana macho. Simuni namba mbili za mtu mmoja ni watu wawili. Ndiyo maana anayepiga bei sharti awe ndani ya kundi kwa muda usiopungua mwezi, na awe na mtu anayemjua.

Fedha, boti na nani anabeba hasara

Hapa ndipo watu wanapolia machozi ya kweli, kwa hiyo nitakaa.

Arbuni, malipo ya kushika kitu kisiuzwe kwa mwingine, ni desturi nzuri watu wakiwa uso kwa uso. Kundini tumeikataza kwa muuzaji ambaye hajulikani na wanachama wasiopungua wawili. Kisa huwa kilekile popote kilipotokea: simu nzuri kwa bei ya chini isiyo ya kawaida, watu wengi wanaitaka, "tuma elfu mbili nikuwekee", halafu kimya. M-Pesa iliyoingia nchini mwaka 2007 ilitupa urahisi ambao wazazi wetu hawakuuwazia, na urahisi huohuo unakimbiza fedha haraka kuliko fikra. Kabla ya kukamilisha, jina la mpokeaji hujitokeza, lisome. Likiwa silo jina la uliyekuwa ukizungumza naye, sitisha. Ukikosea, tuma ujumbe ule wa muamala kwenda 456 mara moja uombe urudishiwe, lakini fahamu kwamba fedha ikishatolewa upande wa pili, kurudi kwake ni kazi.

Muuzaji naye hutapeliwa, jambo ambalo kanuni nyingi husahau. Anapokea ujumbe unaofanana neno kwa neno na wa M-Pesa, anakabidhi mzigo, kisha anagundua salio halikuongezeka. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina MPESA, hautoki kwenye namba ya simu ya kawaida. Kwa hiyo tunawaambia wauzaji: tazama salio, usitazame ujumbe. Kagua kabla ya kuachia mzigo, hata kama mnunuzi ana haraka. Hasa kama ana haraka.

Sasa boti. Lamu ni visiwa, na kanuni zilizoandikiwa Nairobi hazikuiwazia bahari. Mtu wa Faza, kisiwani Pate, ananunua godoro kutoka kwa mtu wa Amu, yaani Lamu mjini. Fedha imetumwa, godoro limepakiwa, njiani mawimbi yameingia, Faza linafika zito kama maiti. Nani anabeba hasara?

Wengi hujibu kwa moyo: muuzaji, kwa kuwa mnunuzi hakupokea kitu kizima. Sheria ya sura ya 31 haisemi hivyo moja kwa moja. Mnunuzi akiwa amekubali mzigo upelekwe, kumkabidhi mchukuzi huhesabiwa, mpaka ithibitike vinginevyo, kuwa ni kumkabidhi mnunuzi mwenyewe. Na hasara kwa kawaida humfuata mwenye mali: umiliki ukishahamia kwa mnunuzi, godoro lililolowa ni lake, hata kama hajaligusa. Ila sheria hiyohiyo inawaachia wawili hao wapatane watakavyo, na inamtaka muuzaji afanye mpango wa kufaa na mchukuzi kulingana na aina ya mzigo. Godoro lililorushwa ndani ya boti bila hata turubai halijapangiwa chochote.

Watu wawili waungwana, wote wakiamini wana haki, waligombana kundini kwa siku nne kwa ajili ya jambo hili. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Tangu hapo tukaweka kanuni fupi: mzigo unaovuka maji, kabla ya fedha kutumwa, muuzaji na mnunuzi waandikiane nani anabeba bahari. Neno hilo, "bahari yako" au "bahari yangu", limeshakuwa la kawaida kundini. Anayechukua bahari huamua pia boti na nailoni ya kufungia, na muuzaji hupiga picha ya mzigo ukiwa umefungwa gatini. Kwa mizigo inayotoka Malindi au Mombasa kwa basi hadi Mokowe, gati la upande wa bara, ni vilevile, kwa kuwa Mokowe mzigo hushuka kwenye basi ukapanda boti, na kwenye kubadilishana huko ndiko vitu hupotea.

Visivyouzwa kabisa

Dawa hatupokei, hata za kikohozi. Zina wenye leseni ya kuziuza, chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mafuta ya kasa na magamba ya ng'amba hatupokei, ingawa wazee watakwambia yalikuwa dawa na pambo tangu zamani: kasa wote wa baharini wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Viwanja vya ardhi tulivijadili sana, kisha tukavitoa. Mkataba wa kuuza ardhi Kenya lazima uwe kwa maandishi, utiwe saini na pande zote, na saini zishuhudiwe, na kabla ya hapo hati ichunguzwe kwenye ofisi ya ardhi. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kufanyika chini ya picha ya kichaka yenye maneno "ploti nzuri, karibu na barabara".

Milango inahitaji maneno zaidi, kwa sababu ni yetu.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na milango ya kuchonga ni sehemu ya sababu yake. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya 2006 inautaja mlango kwa jina: mlango au fremu yake iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa. Kuuhamisha kutoka mahali pake au kuutoa nchini kunahitaji kibali, na kufanya biashara ya vitu hivyo kunahitaji leseni. Vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1895 vina ulinzi wao pia, kwa hiyo kiti cha enzi cha bibi kinaweza kuingia humo.

Basi mtu akiandika kundini "mlango wa kale wa Lamu, unauzwa", kuna njia mbili tu. Ama ni mpya, naye anamdanganya mnunuzi. Ama ni wa kale kweli, naye anahitaji karatasi ambazo hakuzionyesha. Katika hali zote mbili tangazo linaondoka. Mafundi wetu wanaochonga milango mipya na viti vipya tunawakaribisha kwa mikono miwili. Wanachotakiwa ni kuandika "mpya, kazi ya fundi" na mbao waliyotumia. Mlango mpya mzuri hauhitaji kuongopewa umri.

Aliyetuuliza kuhusu mlango wa babu yake alikuwa na shida ya ada ya shule, na hilo halikuwa jambo la kufuta kwa kidole. Nilimpigia simu nikamshauri aende kwenye ofisi ya Makumbusho akaulize kabla hajamwonyesha mtu yeyote. Sipendi sehemu hii ya kazi. Ni rahisi kulinda urithi ukiwa huna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Nani anaamua

Msimamizi si kadhi wala hakimu. Anachoweza ni kufuta tangazo, kumzuia mtu kuandika na kumtoa. Kurudisha fedha hawezi, na kumlazimisha mtu kupokea friji aliyoiuza hawezi. Wanachama hutuomba mambo hayo kila mara, na tukikataa huona tumemwegemea mwizi.

Wengi hapa, wakikwama, mawazo ya kwanza ni kwenda kwa kadhi. Kwa kupatanishwa kiutu na kwa nasaha, mlango wa mwanachuoni uko wazi siku zote. Lakini Mahakama ya Kadhi, kwa Katiba, kifungu cha 170, imepewa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kati ya Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Deni la friji halimo. Njia ya madai ya namna hii ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016: inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na imewekewa siku 60 za kumaliza shauri. Anayekwenda huko bila maandishi anakwenda mikono mitupu. Na maandishi ni yaleyale tuliyokuwa tukimsumbua nayo: picha, bei, kasoro, bahari ya nani.

Kanuni moja hapa hulinda watu wasiopendwa. Hairuhusiwi kumwita mtu mwizi kundini wala kubandika kitambulisho chake, hata akiwa amekukosea waziwazi. Andika lililotokea: nilituma kiasi hiki, tarehe hii, kwa namba inayoishia hivi, mzigo haujafika. Hiyo ni habari. "Mwizi" ni hukumu, na kumchafulia mtu jina kunaweza kukufikisha mahakamani wewe mwenyewe. Kitambulisho cha mtu nacho kinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Muuzaji anayelalamikiwa tunampa siku mbili ajibu, na katika siku hizo hatangazi kitu kipya.

Lililobaki ni sisi wenyewe. Sote wanne tunauza vitu kundini, na katika mji huu ukitafuta sana utakuta kila mtu ni ami yako, khaloo yako au shemeji wa shemeji yako. Kwa hiyo msimamizi haamui shauri la tangazo lake, la ndugu yake, wala la mtu anayemdai au kudaiwa naye. Lile tangazo la friji nililifuta mimi kwa sababu mwenzangu aliyeliona kwanza ni binamu wa yule kijana, akanikabidhi. Mama yule hakulijua hilo. Nilipaswa kumwambia palepale kichochoroni.

Friji ilirudi kundini siku ya tatu. Picha tano, moja ya ubavu uliobonyea, moja ya mpira wa mlango. Chini yake kijana aliandika: "Friji ya nyumbani, imetumika miaka minne. Inagandisha. Mpira umelegea upande wa juu, unahitaji kubadilishwa. Bei elfu kumi na mbili, inazungumzika. Iko Langoni, njoo uiwashe mwenyewe. Nje ya Amu, bahari yako." Ilichukuliwa kabla ya magharibi na mtu wa Matondoni, na kijana akarudi kwenye tangazo lake akaandika "imeuzwa", kama kanuni ya mwisho inavyomtaka, ili wengine wasiendelee kumpigia.